Bunduki ina mafuta na bado inashika kutu: tafuta chanzo kabla ya kununua chupa

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupokea na kugawa bunduki katika ghala la kampuni ya ulinzi upande wa Entebbe, Uganda, mwendo mfupi kutoka ziwani. Saa kumi na mbili asubuhi walinzi wa usiku wanarudi na makoti yaliyolowa umande, wa mchana wanasubiri mlangoni. Kila bunduki ilipita mikononi mwangu. Na karibu kila wiki kulikuwa na kijana wa kunionyesha madoa mekundu huku akijitetea: "Afande, mafuta nilipaka. Nilipaka jana jioni." Na kweli alikuwa amepaka. Ukigusa, kidole kinateleza. Kutu iko chini ya hayo mafuta, imetulia.

Bunduki nyingi nilizoziona zikiharibika hazikukosa mafuta. Zilipakwa mafuta zikiwa bado na maji, jasho au chumvi inayoachwa na risasi, na mafuta yakafunika kila kitu kama blanketi. Kwa hiyo mtu anaponiuliza anunue oili gani, mimi humrudishia swali: ndani ya bunduki yako kuna nini ambacho oili haiwezi kukitoa? Ukilijibu hilo, chupa yenyewe si kazi ngumu kuichagua.

Ninayoyaandika hapa ni kwa mlinzi, askari wa hifadhi za wanyama, na raia mwenye kibali chini ya Sheria ya Silaha ya 1970. Fungua bunduki uliyokabidhiwa kihalali na uliyofundishwa kuifungua, basi. Kabla hujagusa kitambaa: elekeza mtutu pasipo na mtu, toa magazini kwanza, kisha koki mara mbili tatu, tazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho, ingiza na kidole. Risasi zote ziende chumba kingine. Nimekaa na watu waliokuwa na uhakika kwamba bunduki ni tupu, na haikuwa tupu. Silegezi hapo.

Kutu inarudi kabla wiki haijaisha

Hii ndiyo dalili inayowachosha watu kuliko zote, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Umesafisha mtutu, kitambaa cha mwisho kimetoka cheupe, umepaka mafuta. Siku ya tatu unapitisha kitambaa kingine na kinatoka na rangi ya udongo wa barabara ya Luwero.

Uliza kwanza: bunduki hii ilipigwa lini, na kwa risasi zipi? Kitakoni mwa risasi kuna fataki, kile kikombe kidogo kinachopigwa na pini. Risasi nyingi za kijeshi za zamani, hasa za 7.62×39 zilizotengenezwa Muungano wa Kisovieti, China na Ulaya Mashariki, zilikuwa na fataki zenye potasiamu kloreti. Majeshi yaliipenda kwa sababu hudumu ghalani miaka mingi bila kupoteza nguvu. Ila ikilipuka huacha potasiamu kloridi, ambayo ni ndugu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo hutoka na moshi, ikajipaka ndani ya mtutu, usoni mwa bolti (chuma kinachofunga chemba), kwenye pistoni inayosukumwa na gesi ya risasi, na ndani ya bomba la gesi pistoni inamotembea. Huioni. Lakini chumvi huvuta unyevu wa hewani. Acha kibakuli cha chumvi wazi jikoni msimu wa mvua za Machi hadi Mei, asubuhi utaikuta imelowa bila mtu kuimwagia maji. Ndani ya bomba la gesi, usiku, hali ni hiyo hiyo.

Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Unaweza kupitisha vitambaa ishirini vyenye oili safi ya bei ghali, ukatoa masizi yote, na chumvi ikabaki palepale chini ya utando mpya wa oili. Ndiyo maana kitambaa kilitoka cheupe na bado kutu ikarudi: cheupe kilikwambia masizi yamekwisha, hakikukwambia lolote kuhusu chumvi.

Dawa yake ni maji. Najua yanavyosikika masikioni mwa askari aliyefundishwa tangu kwata ya kwanza kwamba maji ni adui wa bunduki. Lakini chumvi inaondoka kwa maji, na maji ya moto ni bora, kwa sababu chuma kikipata joto hujikausha chenyewe haraka. Fungua bunduki, tenga mbao na plastiki kadiri inavyowezekana. Chemsha birika, tia sabuni kidogo, mimina kwenye mtutu, bomba la gesi, pistoni na uso wa bolti. Suuza kwa maji safi ya moto. Kung'uta, futa, pitisha vitambaa vikavu hadi visitoke na unyevu hata kidogo, kisha acha vyuma juani au karibu na sigiri mpaka viwe na joto mkononi. Baada ya hapo ndipo masizi yatolewe kwa kisafishio chako cha kawaida, na oili iwe ya mwisho. Fanya siku ile ile ya kupiga. Kwa ukanda wa ziwa, kesho asubuhi ni kuchelewa.

Kuna wanaotumia dawa ya kusafishia vioo wakiamini amonia iliyomo ndiyo inayoua chumvi. Kinachofanya kazi humo ni maji. Kuna pia mafuta ya Ballistol kutoka Ujerumani, yaliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo hukubali kuchanganyika na maji yakawa meupe kama maziwa. Mchanganyiko huo una maana: maji yanachukua chumvi, kisha yakikauka mafuta yanabaki juu ya chuma. Ukiyapata, vizuri. Usipoyapata, birika na sabuni vinatosha.

Utasikia pia kwamba SMG, kama tunavyoziita hapa bunduki za AK, haziwezi kushika kutu kwa kuwa zimepakwa kromu. Mitutu yake mingi ina kromu ndani ya tundu na chembani, na pistoni vilevile. Lakini bolti, bomba la gesi, kipande inamopitia gesi kutoka mtutuni na mdomo wa mtutu kwa nje, mara nyingi havina. Kutu ikianza SMG huanzia huko, mtu akichungulia mtutu unaong'aa na kuridhika. Nilipokuwa nikikagua sikuanza na mtutu. Nilianza na bomba la gesi.

Na kama hujui risasi zako ni za aina gani? Osha. Risasi za kiraia za kisasa nyingi hazina chumvi hiyo, lakini kuosha na kukausha vizuri bunduki isiyohitaji hakuidhuru. Kutoosha inayohitaji kunaila.

Madoa madogo nje, yamefuata umbo la vidole

Hapa mtutu ndani ni safi, madoa yako mahali pa kushika: ubavuni, karibu na kilinda triga, chini ya mkono wa mbele. Ni jasho. Ziwa letu ni la maji baridi, hatuna upepo wa chumvi kama watu wa Mombasa, lakini mlinzi anayebeba bunduki saa kumi na mbili mfululizo ndiye bahari yake mwenyewe. Wapo watu ambao jasho lao lina ukali wa pekee: kijana mmoja alikuwa akiacha alama nyekundu kwa usiku mmoja tu, mwenzake akishika bunduki hiyo hiyo wiki nzima bila doa. Si uzembe, ni mwili wake. Tulimpa kitambaa chake, na bunduki yake tuliifuta mara mbili.

Futa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, ndipo upake oili nyembamba. Ukipaka oili juu ya jasho umelihifadhi. Kwa nje, kwa mlinzi asiye na oili ya bunduki, vaselini isiyo na manukato inafaa: paka kiasi cha kupotea machoni, kisha futa iliyozidi. Hukaa juu ya chuma muda mrefu kuliko oili nyepesi.

Askari anayelinda upande wa Ziwa Katwe ana hali tofauti kidogo. Pale chumvi inachimbwa, vumbi lenyewe lina chumvi. Mtu wa Katwe afuate utaratibu wa maji hata kama hajapiga risasi moja.

Chupa ipi, basi

Hata ukipaka mahali palipokaushwa vizuri, chupa mbaya itakuangusha. Maduka ya Kampala yanayouza oili halisi ya bunduki ni machache, kwa hiyo watu hutumia kilichopo. Sioni aibu katika hilo, ila ujue kila kilichopo kinafanya nini.

Petroli inang'oa kila kitu, pamoja na mafuta yaliyojificha kwenye vinyweleo vya chuma, kisha inapaa na kukiacha chuma uchi. Tena inashika moto kutoka mbali na kuingia mwilini kupitia ngozi. Sikuiruhusu ghalani. Dizeli na mafuta ya taa husafisha masizi vizuri, lakini ni za kuoshea tu. Futa, kausha, paka oili. Bunduki iliyoachwa na mafuta ya taa peke yake huanza kutu haraka.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ile ambayo mafundi hukupa bure, iache huko huko. Ina tindikali, masizi na unga wa chuma, na si salama kwa ngozi. Oili mpya ya injini inalainisha vizuri, hailindi vibaya, inatosha ukiwa huna kingine. Oili ya giaboksi za otomatiki ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu imetengenezwa kukaa na vyuma vinavyosuguana na kuzuia kutu. Mafuta ya cherehani ni mepesi na masafi, yanafaa kwa pini na springi ndogo, lakini utando wake haudumu kwenye unyevu.

WD-40 inahitaji maneno yake, maana iko kila mahali na kila mtu ana imani nayo. Ilitengenezwa 1953 kule San Diego, Marekani, na jina lake linaeleza kazi: kufukuza maji, jaribio la 40. Kazi hiyo inaifanya vizuri mno. Bunduki ikinyeshewa, ipulizie, iache ifukuze maji, ifute. Kisha paka oili ya kweli, kwa sababu utando unaobaki ni mwembamba, na ukirudia kuipuliza mwezi hadi mwezi bila kufuta huacha gundi ya kahawia.

Zile oili za kazi tatu kwa chupa moja, zinazoitwa CLP, husafisha, hulainisha na kulinda. Kwa mlinzi wa kawaida anayetaka chupa moja tu mfukoni, ndizo ningemnunulia. Hazifanyi hata moja ya hizo kazi kwa ubora wa dawa ya pekee, lakini chupa moja inayotumika kila siku inashinda tatu zilizosahaulika kabatini.

Usiniamini kwa maneno. Nunua misumari sita mipya ya pakiti moja. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto, ikaushe. Mmoja uache mtupu, mitano mingine paka kila mmoja mafuta yake: ya taa, ya cherehani, oili mpya ya injini, vaselini, na hiyo chupa unayotaka kuinunulia kampuni nzima. Ning'iniza kwa uzi barazani, kila jioni irashie maji yenye chumvi kidogo. Mimi nilifanya hivyo msimu mmoja wa mvua za Septemba. Msumari mtupu ulikuwa mwekundu kesho yake, wa mafuta ya taa ukafuata, wa cherehani haukuchelewa sana. Wa vaselini ulikaa hadi nikachoka kuurashia. Nilikuwa nimeongeza na wa saba, wa mafuta ya kupikia, nikitaka kuwaonyesha vijana unavyooza. Haukuoza. Ulibaki bila kutu, na hapo nikaelewa kwa nini watu wengi huyatetea mafuta ya kupikia. Ila nilipougusa baada ya wiki tatu, uling'ang'ania kidole.

Bolti inasita, inakwenda kama iko ndani ya asali

Ndiyo dalili ya huo msumari wa saba. Mafuta ya alizeti, ya pamba, ya soya yakikaa na hewa hushikana na kuwa kama vanishi. Kwenye sufuria ya chuma unayoipikia miaka mingi ni faida. Kwenye springi ya pini ni hatari, maana pini nzito hupiga fataki kwa unyonge, au hukwama mbele.

Kunusa kunasaidia: harufu ya mafuta yaliyochacha haifichiki. Gundi hiyo haitoki kwa kuongeza oili mpya juu yake, ingawa ndicho watu wengi hufanya, na kwa saa chache bunduki inaonekana imepona. Loweka vipande katika dizeli au mafuta ya taa, sugua kwa mswaki wa zamani, futa, rudia, kausha, kisha oili ya madini, kidogo.

Lakini kama unatokea Karamoja, usikimbilie kulaumu mafuta ya kupikia. Moroto au Kotido wakati wa kiangazi, oili iliyo halali kabisa huwa tatizo kwa kuzidi tu. Vumbi laini linashikamana nayo, na mchanganyiko huo unasaga chuma kama msasa. Askari aliyehamishwa kutoka Entebbe kwenda huko huenda na mkono wake wa Entebbe: anapaka hadi inachuruzika. Kule, paka, kisha futa kana kwamba ulijutia kupaka. Kibaki kile kinachoonekana kama mng'ao. Magazini kwa ndani yakae karibu makavu. Na apakaye kidogo apake na kufuta kila siku, kwa sababu utando mwembamba hauna akiba.

Kitambaa kinatoka na rangi ya kijani au buluu

Usiogope, hiyo si kutu. Ni shaba. Risasi nyingi zina koti la shaba, na kila ikipita mtutuni huacha kidogo kwenye mifereji iliyochongwa ndani. Kisafishio chenye amonia kinaiyeyusha na kuitoa ikiwa buluu. Kwa SMG ya mlinzi anayepiga mara chache kwa mwaka uwanjani, shaba haina madhara makubwa. Kwa bunduki ya kuwinda yenye darubini, kulenga huharibika.

Mambo mawili tu. Usiache dawa ya amonia mtutuni usiku kucha. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kisha ifute yote na upake oili, maana nayo hukiacha chuma wazi. Na usiitumie pamoja na brashi ya shaba, kwani itayeyusha brashi, kitambaa kitaendelea kutoka buluu, na wewe utaendelea kusugua mtutu uliokwisha kuwa safi.

Ganda linakwama chembani

Kwa bunduki za marisau, zile za pampu wanazobeba walinzi wengi wa maduka na mabenki, hili ni la kawaida. Ganda la plastiki likilipuka hutanuka na kubana ukuta wa chemba. Ukuta ukiwa laini, linaachia. Ukiwa na kutu au plastiki iliyoyeyuka, linang'ang'ania, na mlinzi anaanza kupiga kitako chini. Asipige.

Bunduki hizi hubebwa miezi bila kupigwa, risasi ileile ikikaa chembani au magazini, na unyevu unakaa nayo. Tazama chemba kwa tochi. Masizi na plastiki hutoka kwa kisafishio na brashi ya shaba inayoenea vizuri. Kutu nyepesi hutoka kwa oili na pamba ya chuma ile laini kabisa iliyozungushiwa brashi, kwa subira. Kisha futa oili yote: chemba ya kazini iwe kavu. Mtutu nao, kabla ya zamu, pitisha kitambaa kikavu. Oili iliyojaa au tope mbele ya risasi inaweza kupandisha nguvu ya mlipuko kupita kiasi chuma kinachoweza kubeba.

Pini imepiga, risasi haikulipuka

Weka mtutu upande salama, hesabu hadi thelathini kabla ya kufungua, kisha itoe. Ukiona alama nzuri ya pini kwenye fataki, fikiria mafuta. Oili nyepesi za kupenya, zile zilizotengenezwa kulegeza nati zilizoshika kutu, zinaweza kupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Risasi hazipakwi mafuta, hazipuliziwi, haziwekwi kwenye magazini yanayochuruzika. Futa mikono kabla ya kuzishika.

Weusi umebanduka, chuma kimekuwa cheupe

Karibu siku zote ni mkono wa mtu mwenye nia njema na msasa. Ule weusi au ubuluu wa bunduki si rangi kama ya mlango. Ni kutu nyeusi, iliyotengenezwa kiwandani kwa makusudi, inayoshika mafuta na kumzuia ndugu yake mwekundu. Ukiusugua kwa msasa, siki, ndimu au dawa ya kung'oa kutu ya mafundi magari, kutu nyekundu inaondoka na nyeusi inaondoka nayo. Bunduki inang'aa siku moja na kushika kutu maisha yake yote.

Kwa kutu nyekundu ya juu juu: oili nyingi, iache dakika ishirini, kisha pamba ya chuma laini kabisa, bila nguvu, ukifuta na kutazama. Nilitumia hata kitambaa kikavu cha gunia na oili, nikapata matokeo.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa msasa nchini mwetu. Namba ya silaha lazima isomeke, na mtu aliyeisugua hadi ikafifia atakuwa na maelezo marefu ya kutoa polisi hata kama alikuwa anapigana na kutu. Tena, baada ya agizo la serikali la 2018, polisi walianza kuchukua na kuhifadhi alama ambazo kila bunduki huacha kwenye risasi na ganda lake. Kuchonga ndani ya mtutu au kunoa pini ni kubadilisha alama hizo. Kusafisha ni kwako. Kuchonga si kwako, na si kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani.

Ilihifadhiwa safi, imetoka na kutu

Angalia ilikuwa ndani ya nini. Ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia: ngozi hunyonya unyevu, na dawa za kuitengenezea huacha chumvi. Sanduku lenye sponji ndani hufanya vivyo hivyo. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iliyofungwa vizuri inafungia ndani hewa yenye unyevu pamoja na bunduki. Kitambaa kilichosokomezwa mdomoni mwa mtutu "vumbi lisiingie" huzuia na unyevu usitoke, na siku moja mtu atasahau kukitoa.

Askari wa hifadhi anayeshuka kutoka baridi ya Rwenzori hadi joto la Kasese ataona bunduki inatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Asiifunge. Aiache wazi, ifikie joto la chumba, aifute ndipo aiweke.

Ghalani kwetu tulitengeneza rafu za mbao zilizopigwa randa, mbali na ukuta wa saruji, mitutu ikielekea chini ili oili isichuruzike kuingia kwenye kitako. Mbao iliyokunywa oili miaka mitano inalainika kama keki na kupasuka kwenye parafujo. Vifuko vya silika vinasaidia kama unavikausha. Vikishiba unyevu havina kazi, na kuviacha humo ni kujidanganya. Vikaange polepole juu ya moto mdogo, virudishe.

Mashimo madogo yanayobaki baada ya kutu kutoka

Hapa chupa zote zimefika mwisho. Kutu imekwisha kula chuma, na mahali hapo patashika unyevu na chumvi haraka kuliko pengine. Mashimo machache kwa nje, jaza vaselini na uendelee kutazama. Mashimo ndani ya chemba, kwenye uso wa bolti, au nyufa popote zilipo, bunduki hiyo isipigwe tena hadi fundi wa silaha mwenye leseni aipime. Nilikuwa nafunga kamba nyekundu kwenye kilinda triga, naandika namba yake daftarini pamoja na tarehe na mahali mashimo yalipo, na kuiweka rafu ya chini kabisa, bolti yake nikiitenga kwenye kabati lenye kufuli ili mwenye haraka asiichukue usiku.